Feni ya Tausi Kutoka Ruiru

Mimi nilifanya kazi getini katika kiwanda cha blanketi hapa Thika, mpaka siku waliponipa saa ya ukutani na kuniambia niende nyumbani nikapumzike. Kazi yangu ilikuwa kupekua watu wakitoka. Watu wa Thika wa miaka hiyo wananijua. Nilimkamata mwanamke aliyetoka na mimba ya blanketi tatu, na ya nne amejifunga kilemba. Nilimkamata jamaa aliyemeza uzi. Niliona ncha yake kwenye jino, nikavuta, nikavuta, na uzi ule ukatosha sweta ya mtoto pamoja na soksi zake. Asiyeamini akaulize, ingawa mwenye uzi alihama.

Kwa hivyo Tausi aliponiomba nimsindikize Ruiru kununua feni, hakuniomba kwa sababu najua kompyuta. Aliniomba kwa sababu simwamini mtu.

Tausi alikuwa jirani yangu Majengo. Mwaka huo wa tisini na nane alikuwa amefungua biashara kwenye chumba cha mbele cha nyumba waliyoachiwa yeye na kaka yake na marehemu baba yao. Ndani ya chumba hicho mlikuwa na meza, benchi mbili, na kompyuta moja ya kuchezea gemu. Aliinunua Nairobi, kwenye ofisi iliyokuwa ikifungwa, na vijana wakaja kutoka Makongeni na hata mbali zaidi kucheza mbio za magari. Walilipa kwa nusu saa. Wengine walikaa kwenye benchi wakingoja zamu, wakila kaimati za Tausi na kutukana uendeshaji wa aliye mbele.

Halafu jua la Januari likaja. Nyinyi mnaosoma hamjaona jua. Shangazi yangu kule Gatuanyaga mwezi huo alikuwa akiokota mayai ya kuku yameshachemka, anatafuta chumvi tu. Na kompyuta ya Tausi ikaanza kuganda. Mtu anacheza vizuri, gari lake liko mbele, mara picha inasimama. Gari liko hewani kwenye kona na halitui. Sauti inalia neno moja lile lile kama mbuzi aliyenasa kwenye ua. Hapo hakuna dawa ila kuzima na kuwasha upya, na mchezo umepotea.

Sasa, vijana hawakusema kompyuta ni mgonjwa. Walisema Tausi ana switchi chini ya meza.

"Ukikaribia kushinda anabonyeza," Samir aliwaambia wenzake. Huyu Samir alikuwa fundi wa kioo hapa Majengo, na ndiye aliyeshinda kila mtu kwenye ile gemu. "Nusu saa yako inakufa, unalipa ingine. Anti Tausi, mimi nakuheshimu, lakini hiyo ni noma."

"Tafuta hiyo switchi, Samir. Inama utafute."

Akainama kweli. Akapapasa chini ya meza na kutoka na ubani mkavu wa kutafuna uliobandikwa na mtu zamani. Akautazama, akasema, "Ameitoa. Hii ndiyo gundi iliyokuwa imeishika."

Maneno hayo yalimfikia Hassan. Hassan ni kaka mkubwa wa Tausi, anauza viatu vya mitumba, na tangu baba yao azikwe alikuwa akikitazama kile chumba kwa macho ya mtu anayetafuta pa kuweka mabelo, yale marobota ya viatu. Alikuja Jumatano, akasimama mlangoni bila kuketi.

"Tausi, unaitwa mwizi sokoni. Na wakikutaja wanamtaja na baba."

"Mashine ina joto, Kaka. Si wizi."

"Mimi sijui joto. Nimesikia Jumapili wanakuja wale vijana wa chuo, wa Juja, kushindana na Samir."

"Ndiyo."

"Basi Jumapili nitakuja niketi hapa. Wakimaliza mashindano bila hiyo kitu kuganda, sitafungua mdomo tena. Ikiganda, Jumatatu naleta viatu vyangu, na wewe urudi kuuza kaimati barazani."

Tausi alikubali. Sijui angefanya nini kingine. Nyumba ni ya wote wawili na Hassan ndiye mkubwa. Alipoondoka tukafungua lile boksi la kompyuta, mimi nikishika tochi. Kwa asiyejua: ndani kuna kitu kinaitwa prosesa, kijiwe bapa kinachofanya hesabu zote, na hesabu zikiwa nyingi kinapata moto. Juu yake hukaa kipande cha alumini chenye meno kama kitana, na juu ya kitana feni ndogo inayotosha kiganjani. Alumini inanyonya joto, feni inalipuliza liende zake. Ile ya Tausi ilikuwa imekufa, imefunikwa na vumbi jingi kiasi kwamba mtu angeweza kupanda sukuma wiki. Tausi aliweka kidole kwenye alumini akakitia mdomoni haraka.

"Ndiyo mchawi huyu," akasema. "Mzee Bedan, kesho twende Ruiru. Kuna mtu anaitwa Kahiga anauza hizi vitu. Nairobi bei yao siwezi."

"Huyo Kahiga unamjua?"

"Simjui."

"Vizuri," nikasema. "Mtu usiyemjua ni rahisi kumshuku."

Kahiga alikuwa na nusu ya chumba nyuma ya jengo la hadwea. Nusu nyingine ilikuwa studio ya picha, na pazia lake limechorwa ngazi za ndege, ili mtu wa Ruiru apigwe picha akipanda kwenda Ulaya. Kahiga mwenyewe alikuwa kijana mwembamba, mwenye adabu. Adabu nyingi. Tulipoingia alisimama, akanipa kiti chake, akatuma soda kabla hatujasema tunataka nini. Nikamkanyaga Tausi mguu. Getini nilijifunza hivi: anayekusalimia mpaka kwa wajukuu ana kitu kwenye suruali.

"Guka, mmetoka mbali?" akaniuliza, akiniita babu kwa Kikuyu.

"Si mbali sana," nikasema, maana sitaki ajue.

Tausi alimweleza. Kahiga akapanga feni tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ndani ya kartoni yenye picha ya chui anayetoa moshi puani. Ya pili ilikuwa imetumika, imetolewa kwenye kompyuta ya ofisi fulani, na bei yake ilikuwa ya kutupa. Ya tatu ilikuwa mpya, ndogo kuliko ya chui, imefungwa kwenye nailoni yenye maandishi ya Kichina, na bei yake ilikaribiana na ile iliyotumika.

"Haiya," Tausi akasema. "Mpya inakaribia bei ya hii ya kuzeeka? Iko na nini?"

"Haina kitu, mama. Haina jina tu. Jina ndilo linauzwa."

"Na hii ya chui?"

"Hiyo usinunue. Ni ndefu. Kwa boksi yako itagonga pawa sapulai, ile ya kuleta umeme, haitaingia."

Nikamkanyaga Tausi mguu mwingine. Tangu lini muuzaji akamkataza mteja kununua kitu ghali? Nikamwambia Kahiga tunaomba kupima. Akasema pimeni. Hilo nalo likanitia wasiwasi.

Nilianza na ile iliyotumika. Nikaipuliza kwa mdomo kama mtu anayewasha jiko. Ikazunguka kidogo, ikakoroma, ikasimama. Ile ya nailoni tukaitoa nikaipuliza, ikazunguka kimya mpaka nikaanza kuona kizunguzungu mimi. Kahiga akaziunga kwenye betri ya gari aliyokuwa nayo chini ya meza. Iliyotumika ililia kama kinu cha posho. Mpya ililia kama nyuki mmoja, naye akiwa mbali.

"Leta sumaku," nikasema.

Akang'oa sumaku nyuma ya spika mbovu akanipa. Nilitaka kujua kama ile alumini ni bati lililopakwa rangi. Sumaku haikushika. Nikaipeleka hata kwa muuza nyama jirani nikamwomba aiweke kwenye mizani, kwanza hiyo, kisha ile iliyotumika. Mpya ilikuwa nzito zaidi.

"Mzee," muuza nyama akaniambia, "hiyo inapikwa muda gani?"

"Inapika yenyewe," nikamjibu.

Niliporudi nilikuwa sina la kusema, na hilo ndilo lililonisumbua zaidi. Kitu cha bei rahisi ambacho hakina kasoro ni kitu ambacho hujakipekua vizuri. Tausi alinivuta pembeni, kwenye zile ngazi za ndege.

"Unaonaje?"

"Sioni ubaya. Ndiyo maana naogopa."

"Ya chui hata ingetosha siwezi kuinunua. Ya kuzeeka itakufa kama yangu. Nachukua hii."

Akalipa. Kahiga akaandika risiti, akaitia feni kwenye mfuko, na hapo ndipo akaharibu. Akasema, "Jumamosi nitafika Thika. Naweza kuja kuwafungia. Bure."

Tausi alikaza mfuko kifuani. Miezi hiyo kila mwenye kompyuta alikuwa amesikia habari ya Githurai 45: mtu aliita fundi wa bure, na fundi alipoondoka kompyuta ilibaki na nusu ya memori yake. Ni vijiti vyembamba tu, vinaingia hata kwenye soksi. Mimi mwenyewe namjua aliyetolewa memori yote, na tangu siku hiyo ile kompyuta ikiwashwa ilikuwa inauliza ni nani amekuja.

"Asante, tutafunga wenyewe," Tausi akasema.

"Sawa. Basi sikizeni, hapo chini yake kuna..."

"Tunajua, Kahiga. Tunajua."

"Ni vile tu wengi huwa..."

"Tumesema tunajua," nikamalizia, na tukatoka. Soda yangu niliiacha nusu, kwa usalama.

Nyumba ya Tausi ilikuwa nyumba ya mtu anayetunza vitu. Makochi yake yalikuwa na nailoni ya dukani, ukikaa kwa kaptura wakati wa joto unainuka na sauti. Rimoti ya televisheni ilikuwa na nailoni na raba bendi mbili. Hata godoro la wageni halikuwahi kuvuliwa, mgeni alilala akipiga kelele kama mahindi kwenye sufuria. Si yeye tu. Nani kati yetu alinunua kitu kipya akakivua siku hiyo hiyo? Manaja wangu wa kiwandani aliendesha gari lenye viti vilivyofungwa nailoni mpaka likauzwa, na aliyelinunua naye hakuzitoa.

Sasa tulipofika nyumbani, chini ya alumini ya feni mpya, upande unaolalia prosesa, palikuwa na kipande cha mraba laini kama ubani uliotafunwa. Juu yake nailoni nyembamba ya buluu, safi, imekazwa vizuri pembe zote.

"Usiguse hiyo," Tausi akasema. "Itashika vumbi."

"Na ikikwaruzwa?"

"Ndiyo maana nasema. Iache na nailoni yake, ikae miaka."

Tukaifunga. Klipu yake ilitusumbua, ikateleza ikanichuna dole gumba, lakini mwisho ikakaa. Tukawasha. Feni ikazunguka, nyuki yule wa mbali. Tausi akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki hiyo, akamwita Samir aje ajaribu bila kulipa.

Samir aliketi kama mtu anayeketi kwenye kiti kinachoweza kuwa na pini. Akaanza mbio. Hakumaliza mzunguko wa kwanza. Gari likapanda kwenye kona, likaganda hewani, na yule mbuzi akaanza kulia.

Tukazima, tukawasha. Ikaganda hata kabla magari hayajapangwa.

"Anti," Samir akasema polepole, "zamani ulikuwa unangoja nikaribie kushinda. Sasa hata kuanza hutaki."

Alipotoka, Tausi aliketi kwenye benchi la wateja. Nilimwona akitazama ukuta wa nyuma, mahali ambapo mabelo ya viatu yangekaa. Hakulia. Alisema tu, "Yule kijana ametuuzia takataka, Mzee. Na ile adabu yake yote."

"Nilikwambia."

"Hukuniambia. Ulisema huoni ubaya."

"Nilisema naogopa."

Jumamosi asubuhi tulikuwa mbele ya duka la Kahiga kabla hajafungua. Alipotuona alisimama na funguo mkononi, na nikaona kitu usoni mwake. Tabasamu halikuwapo. Kumbe naye alikuwa amekaa siku hizo akitufikiria. Watu waliopima feni kwa mizani ya muuza nyama, wakakataa kufungiwa bure, wakaacha soda!

"Feni yako imekufa," Tausi akamwambia. "Rudisha pesa."

"Leteni kwanza nione kama ni yangu."

"Ati kama ni yako? Unatuita wezi?"

"Mama, kuna watu hununua mpya hapa, wakaenda wakanirudishia ile yao ya zamani. Sijasema ni nyinyi. Nasema nione."

Akaichukua, akaipeleka kwenye mwanga, akachungulia katikati ya meno ya alumini. Ndani kabisa palikuwa na nukta nyekundu ndogo. "Rangi ya kucha ya bibi yangu," akasema. "Kila kitu hapa nimekitia. Ni yangu."

Nilimtazama upya. Huyu angekuwa mtu wa maana sana getini.

Akaiunga kwenye betri. Ikazunguka. Akatikisa kichwa, akaipindua. Akaisogeza karibu na macho. Halafu akamwita mwenye studio. Wakainama wote wawili juu ya ile feni kama watu wanaotafuta sura ya nani kwenye mtoto mchanga.

Ile nailoni ya buluu ilikuwa imevimba na kujikunja, na katikati ina doa la kahawia la mraba, saizi ya prosesa.

"Mama Tausi," Kahiga akasema, "hii mbona haikutolewa?"

"Itolewe kwa nini? Si ni mpya?"

"Hapa ndipo joto linapita. Prosesa inagusa hii laini, nayo inaipa alumini joto. Sasa mmeweka nailoni katikati. Ni kama kumvalisha mtu sweta ndipo umpepee."

Nilingoja acheke. Getini ningecheka mimi. Lakini hakucheka, na nikafuata macho yake nikaona kwa nini. Pale mezani kikokotoo chake kilikuwa ndani ya nailoni yake ya dukani, imekazwa kwa selotepu, tarakimu zimefifia kwa kubonyezwa juu ya plastiki. Hata betri ya gari alikuwa ameiachia nailoni yake.

"Imeandikwa hapa uitoe," akasema, akionyesha maandishi pembeni, "lakini ni Kichina."

"Ungetuambia," Tausi akasema.

"Nilianza."

Mwenye studio akarudi kwake, na kwa adabu akajifanya anafuta kamera.

Kahiga alibandua ile nailoni, ikatoka na vipande vya ile laini, ikabidi aikwangue yote kwa wembe na kuisafisha kwa spiriti. Akatoa sindano yenye dawa nyeupe, nzito kama ya meno. "Hii ndiyo inapakwa mahali pa ile. Kidogo sana, na inapakwa pale pale kwa mashine. Sasa, nikuje Thika ama mnajua?"

Tausi alinitazama. Mimi nikamtazama Kahiga, soksi zake hasa.

"Njoo," Tausi akasema. "Lakini huyu mzee atashika tochi."

"Ashike. Na nikitoka anipekue."

Nilimpekua alipoingia na alipotoka. Alivua koti mwenyewe akaliacha uani, akakunja mikono ya shati, akapaka ile dawa kwa ncha ya kadi ya simu. Klipu iliyonichuna mimi dole iliingia kwake mara moja. Memori ilikuwa palepale. Niliikagua kwa tochi kabla na baada, na kwa kuwa sijui memori iliyoibiwa inafananaje, nilimfanya Tausi naye aikague. Kahiga alikunywa chai yake yote. Hiyo niliiona.

Hatukuijaribu na Samir. Tausi alisema akiita watu wakaiona ikiganda leo, kesho hawatakuja hata kushindana. Aliiwasha mwenyewe, akaicheza mwenyewe mlango ukiwa umefungwa, vibaya sana, akigonga kila ukuta wa ile gemu. Haikuganda. Lakini ule ulikuwa mchezo wa mtu mmoja asiyejua, tena siku yenye mawingu. Jumapili jua lilikuwa la kule kwa shangazi.

Juja walikuja wakiwa kundi, na mkuu wao akiitwa Mbuvi, kijana mrefu wa kusomea uhandisi, mpole kama daktari. Samir alikuja na Majengo nzima. Hassan alikuja wa mwisho, na koti, kwa jua lile. Akaketi kwenye kona ya benchi la nyuma. Tausi hakumtazama. Alikuwa amefungua pembeni ya boksi la kompyuta, kila mtu aone feni ikizunguka, na yeye akasimama katikati ya chumba, mikono yote miwili juu ya kichwa, mbali na meza.

"Ndiyo nini hiyo, Anti?" Samir akauliza.

"Ndiyo mtu asije akasema nimebonyeza."

Wakaanza. Mzunguko wa kwanza, wa pili, mbio ya kwanza ikaisha, Samir akashinda. Ya pili Mbuvi akashinda. Walikuwa wanapokezana kiti, na muda wa kila mmoja unatangazwa kwa kelele. Chumba kilikuwa kama tanuri la mkate. Kila gari lilipofika ile kona, vijana wa Majengo walinyamaza na kungoja ligande. Likatua. Likatua tena. Nilianza kusikia watu wakitukana madereva na sio Tausi, na hiyo ilikuwa sauti nzuri.

Mbio ya mwisho, Samir yuko kwenye kiti, skrini ikawa nyeusi.

Haikuganda. Ikazima kabisa. Chumba kikapiga kelele moja. "Manze! Amezima! Si mmeona!" Na Juja nao: "Ni nyinyi wa Majengo, mmeona mnashindwa!"

Hassan aliinuka. Akatia mkono kwenye koti akatoa kufuli kubwa, mpya, akaiweka mezani kando ya kompyuta. Ndiyo maana ya koti.

"Nilijua," akasema. "Nilikuja nayo."

"Stima imepotea, Kaka."

"Stima imepotea ama imepotezwa? Umeona inataka kuganda, ukampa mtu ishara azime kwa mita. Mikono juu ya kichwa! Hiyo ilikuwa ishara gani?"

Nakiri kwamba hiyo ilikuwa shuku nzuri. Hata mimi nilimgeukia Tausi kidogo.

"Nenda uangalie mita," Tausi akasema. "Nenda mwenyewe."

Hassan akatoka, na sisi sote nyuma yake. Hakufika kwenye mita. Barabarani, mbele ya kinyozi wa pili kutoka kwetu, alikuwa amesimama mwanamume mzima na shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa inang'aa, nusu nyingine ina msitu. Alikuwa amemshika kinyozi shati.

"Utamaliza na mkasi!"

"Mkasi sina, bwana, ngoja stima irudi."

"Nina ibada ya jioni! Nitaenda kwa Mungu upande mmoja?"

Kote Majengo redio zilikuwa kimya. Hassan alimtazama yule mtu muda mrefu. Hakuna mtu angekubali kunyolewa hivyo ili amsaidie Tausi.

Tulirudi ndani. Nilidhani wataondoka. Juja ni mbali na Jumapili magari ni ya taabu. Lakini Mbuvi alinunua kaimati, akaketi. Wenzake wakaketi. Samir alibaki kwenye kile kiti kabisa, mikono kwenye kibodi, asije akanyang'anywa. "Tunangoja," akasema. "Nilikuwa mbele." Na hakuna hata mmoja aliyedai pesa yake. Hassan alisimama dirishani akiona hayo, kufuli ikiwa pale mezani, na Tausi akimpitia na sahani kana kwamba ni mteja.

Stima iliporudi, tulisikia mashine ya kinyozi kabla ya kitu kingine. Kompyuta ikawaka. Mbio ya mwisho ikaanzwa upya. Samir aliendesha kama mtu anayefukuzwa na mamlaka ya kodi, na Mbuvi akaja baada yake, kimya, akamshinda kwa muda kidogo tu, kama urefu wa pua ya gari. Skrini haikutetemeka.

Samir aliinuka. Alitazama kompyuta, feni inazunguka. Alitazama chini ya meza. Alimtazama Tausi, mikono yake imeshika sahani. Majengo nzima ilingoja.

"Hicho kiti," akasema mwishowe, "mguu mmoja ni mfupi."

Watu walicheka mpaka nje. Tausi alicheka akishika mlango.

Walipotawanyika, wengine wakiwa wameshaweka zamu za kesho, Hassan alibaki. Akaweka kidole chake kwenye alumini, akakiacha hapo. Ilikuwa na joto la kikombe cha chai, si zaidi. Akakitoa, akachukua kufuli, akaipima mkononi, kisha akamnyoshea dada yake.

"Ya mlango wako," akasema. "Ile yako imezeeka, mtu atakuibia hii mashine."

Tausi akaipokea, akaigeuza, akatazama tundu lake.

"Na funguo?"

Hassan akatoa moja mfukoni.

"Kufuli mpya huwa na mbili, Kaka."

Hassan akanitazama mimi, kama mtu anayeomba kutetewa na mwanamume mwenzake. Mimi nikatazama koti lake, mfuko wa ndani, upande wa kushoto, na nikaanza kuinuka kutoka kwenye benchi.

"Basi, basi, Mzee Bedan, keti," akasema, na akaitoa ya pili.